Joseph Thomson: Mgeni aliyepita nchi ya Wamasai kwa upole

Ndugu msomaji, ukitoka Nairobi kwa njia ya Namanga, ukavuka mto Athi na kuyapa kisogo majumba ya viwanda, mji unaokulaki ni Kitengela. Zamani si nyingi hapa palikuwa mbuga tupu, majani na upepo. Leo pana maduka, magorofa, misikiti, makanisa na kelele za matatu. Lakini endelea mbele kidogo kuelekea Isinya na Kajiado, mahali ambapo seng'enge bado hazijaziba kila upenyo, na kwa bahati yako utamwona mnyama mdogo wa rangi ya mchanga, ana mchirizi mweusi ubavuni na mkia usiojua kutulia. Huyo ndiye swala tomi. Jina lake tunalitaja kila mara, na watoto wetu wanalisoma katika vitabu vya shule, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza huyo Tomi alikuwa nani, na alikuja kutafuta nini katika nchi ya Wamasai.

Tomi ni Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hii kwa miguu mwaka 1883, naye akiwa kijana wa miaka 25. Inafaa tumkumbuke, kwa sababu njia aliyoifuata ndiyo hiyo hiyo wanayoifuata wageni wetu wa leo wanaokuja kwa likizo. Mtalii hushukia Unguja au Mombasa, akaoga bahari na kulala mchangani, akatembea katika vichochoro vya mji wa kale na kuizuru Ngome ya Yesu. Kisha huenda bara akaitazame theluji ya Kilimanjaro kutoka Amboseli, akapita Kajiado, akaliona Bonde la Ufa kutoka Ngong, akamalizia Naivasha, Nyahururu na Baringo. Thomson alikwenda kwa mpangilio huo huo. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na gari wala hoteli, na katika nchi ya Wamasai hakupiga hatua ila kwa ruhusa ya wenye nchi.

Chuoni tulifunzwa kwamba safari si ya macho peke yake. Msafiri hutakiwa azingatie anachokiona, awafikirie waliopita kabla yake na mambo waliyoyaacha. Basi na tuyatazame maisha ya mtu huyu kwa nia hiyo, tuone mema yake, na tuone pia yale yaliyokuja nyuma yake.

MTOTO WA MWASHI

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, upande wa Dumfries, kusini mwa Skotilandi. Baba yake alikuwa mwashi, na baadaye akawa mwenye machimbo ya mawe. Mtoto alikulia kwenye sauti ya nyundo na vumbi la majabali, na kutoka hapo akaipenda elimu ya mawe na ardhi. Alipokua akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kuisoma elimu hiyo pamoja na ile ya wanyama na mimea, akahitimu mwaka 1878.

Zama hizo jina lililokuwa midomoni mwa kila kijana wa Kiskoti ni la David Livingstone, ambaye naye alitoka nchi hiyo. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika ardhi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake, Chuma na Susi, wakaibeba maiti yake na wenzao mwendo wa miezi mingi mpaka pwani. Habari hizo ziliwaka kama moto katika vichwa vya vijana, na Thomson alikuwa mmoja wao.

Mwaka ule ule aliohitimu, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilikuwa ikitayarisha msafara wa kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mkuu wa msafara aliteuliwa kuwa Keith Johnston, mchora ramani mashuhuri. Thomson akaomba nafasi, akachukuliwa awe mtaalamu wa mawe na viumbe. Walifika Unguja mwanzoni mwa 1879, na huko ndiko alikoanza kuishi na watu wa pwani na kuisikia lugha yetu. Mnyapara mkuu waliyemwajiri alikuwa ni Chuma, yule yule aliyembeba Livingstone.

Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879. Haikutimia miezi miwili, Johnston akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa mwezi Juni mahali paitwapo Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji. Thomson akabaki peke yake, umri wake miaka 21, hajapata kuongoza hata watu kumi, na nyuma yake kuna wapagazi zaidi ya mia wanaomtazama usoni. Wengi wangalirudi, naye angalirudi asingelaumiwa. Lakini aliamua kuendelea.

Haki itendeke: msafara haukuendeshwa na kijana huyo pekee. Ni Chuma aliyezijua njia, aliyejua namna ya kusema na machifu, na aliyejua ni wakati gani mpagazi amechoka kweli na wakati gani anatega. Thomson alikuwa na akili ya kulitambua hilo, na kumsikiliza mtu aliyemzidi maarifa. Hivyo wakafika Ziwa Nyasa, wakafika Ziwa Tanganyika, wakahakikisha kwamba mto Lukuga unatoka ziwani kuelekea Kongo, na wakati wa kurudi wakaliona Ziwa Rukwa. Mwezi Julai 1880 waliingia Bagamoyo, na njia nzima hawakuwa wamepigana vita na mtu yeyote.

Hapo ndipo sifa ya Thomson ilipoanza. Wazungu wengine wa wakati ule walipita Afrika kwa mtutu wa bunduki, na Stanley ni mfano unaojulikana. Thomson alishika mwendo mwingine. Alikuwa na methali moja ya Kitaliano aliyoipenda, ambayo maana yake haiko mbali na ile yetu ya haraka kukosa baraka: kwamba aendaye taratibu huenda salama, na aendaye salama hufika mbali. Ugomvi ukizuka, alilipa. Akitukanwa, alicheka. Njia ikifungwa, alikaa chini akangoja.

Mwaka 1881 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alimwajiri aende mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, kwani ilisemekana yako huko. Thomson akaenda, akachimbachimba, akarudi na kusema kweli kwamba makaa yenye faida hayapo. Seyyid hakufurahi, maana tamaa yake ilikuwa kubwa. Lakini mtoto wa mwashi aliyajua mawe, wala hakukubali kumpamba Sultani kwa maneno ya uongo.

LANGO LA UMASAI

Kwa Wazungu wa wakati ule nchi ya Wamasai ilikuwa fumbo. Wamishonari wa Rabai, Rebmann na Krapf, waliiona milima mirefu kwa mbali, Rebmann akauona Kilimanjaro mwaka 1848 na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Lakini njia ya katikati, kutoka pwani moja kwa moja hadi Ziwa Nyanza, hakuna Mzungu aliyekuwa ameipita. Sifa ya morani ilikuwa imetangulia mbele yao, nayo iliwaogofya.

Hapa pana jambo la kusahihisha. Vitabu vingi husema kwamba Thomson ndiye aliyeifungua nchi ya Wamasai. Imefunguliwa kwa nani? Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani na Mombasa ilikuwa ikiingia huko miaka mingi kutafuta pembe za ndovu. Walivijua visima, walizijua nyakati za mvua, walizijua hongo na wazee wa kupewa hongo. Miongoni mwao walikuwamo waliosema Kimasai kama lugha ya nyumbani. Nchi ilikuwa wazi kwa mtu aliyejua adabu zake. Iliyokuwa tupu ni karatasi ya mchora ramani wa London.

Jumuiya ya Jiografia ikamtuma Thomson aijaze karatasi hiyo. Akafika Unguja mwezi Januari 1883, mwaka ule ule ambao Seyyid Barghash aliijenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa fahari ya mji. Bahati haikuwa njema. Chuma alikuwa amefariki mwaka uliopita, na wapagazi hodari walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na misafara mingine. Akaokota aliowapata. Akampata Manwa Sera, mzee aliyewahi kuwa mnyapara wa Stanley. Akampata Makatubu, na Brahim aliyeitwa pia Ali Ng'ombe, ambaye alikuja kuwa mwenzake mkubwa wa kuwinda. Na Mzungu mwenzake alikuwa baharia wa Malta aliyejiita James Martin, mtu asiyejua kusoma wala kuandika, lakini mtiifu na mwenye mkono wa kazi.

Kutoka Unguja walivuka hadi Mombasa. Mji ulikuwa bado ndani ya kisiwa, na Ngome ilikaliwa na askari wa Sultani. Ng'ambo ya maji palikuwa na Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwezi Machi 1883 msafara ukaondoka Rabai, ukaikata nyika ya Taru yenye kiu, ukapita Taita, ukafika Taveta chini ya kivuli cha miti mikubwa.

Taveta ndiko misafara ilikojitengenezea adabu kabla ya kuingia Umasai. Ushanga ulioletwa kutoka Ulaya haukuwa na maana kwa Wamasai mpaka utungwe kwa urefu na mpango wanaoupenda wao. Basi wapagazi wakakaa chini siku nyingi kutunga shanga kama mabibi harusi. Nguo zikashonwa ziwe naibere, vazi la morani wa vita. Na seng'enge, maana yake waya za chuma na za shaba, zikapangwa mizigo kwa mizigo, kwa kuwa ndizo wanawake wa Kimasai walizojizungushia mikononi na miguuni. Asiyekuja na vitu hivyo hakuwa na haja ya kuja.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Baada ya kumzuru Mangi Rindi wa Moshi, msafara ulishika upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ukakutana na Wamasai waliokuwa na hasira. Mjerumani mmoja, Dr. Gustav Fischer, alikuwa ametangulia na msafara wake kutoka Pangani, akapigana nao, na damu ikamwagika. Thomson alipoona kwamba deni la mwenzake linataka kulipwa na yeye, hakujitia ushujaa. Akawakusanya watu wake usiku, wakarudi kimya kimya hadi Taveta. Kisha yeye mwenyewe akaenda mbio Mombasa kutafuta bidhaa nyingine na watu wengine. Wako waliomcheka kwa kukimbia. Lakini aliyekimbia siku hiyo ndiye aliyefika.

Mwezi Julai aliondoka tena, na safari hii alifanya jambo la busara. Alijiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, tajiri wa pembe kutoka Pangani, ambaye Wamasai walimfahamu na kumheshimu. Mskoti akaingia Umasai chini ya mwavuli wa Mswahili. Jambo hili si siri, yeye mwenyewe alilikiri katika kitabu chake, ila waliokuja baadaye ndio waliolisahau.

MENO YA MGANGA

Hivyo ndivyo alivyoingia nchi ambayo leo ni Kajiado. Walishika upande wa mashariki wa Kilimanjaro, wakapita uwanda mkavu ambao leo tunauita Amboseli, vumbi jeupe la magadi likiwachoma macho na mlima ukiwa juu yao kama kilemba. Wakaupita mlima mweusi wa Ol Doinyo Orok, uliopo Namanga, wakapanda polepole kwenye nyanda za juu za Wamasai wa Kaputiei. Nyanda hizi ndizo zinazoteremka hadi Isinya na Kitengela. Aliyoyakuta hapo yalimstaajabisha: nyumbu, punda milia, kongoni na swala wasiohesabika, wakila majani pamoja na ng'ombe, wala mchungaji hashughuliki nao. Yule swala mdogo wa mchirizi mweusi alipofikishwa kwa wataalamu wa London, mwaka 1884 akapewa jina la Thomson, na wenyeji wa lugha ya Kiingereza wakalifupisha likawa Tomi.

Leo mtalii husimamisha gari Kajiado akawapiga picha Wamasai. Mwaka 1883 mambo yalikuwa kinyume. Kivutio kilikuwa Thomson. Kila kambi walikuja wazee, morani na wanawake kumtazama. Walimshika nywele, walimpapasa ngozi, walitaka avue viatu waone kama ana vidole kama watu. Alikaa kama kitu cha maonyesho kwa saa nyingi, na hongo akalipa juu yake. Aliombwa hata kuwatemea mate, kwani kwa Wamasai mate ni baraka na heshima, naye akatema mpaka koo likamkauka.

Alipobanwa sana alitumia hila. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Aliyatoa mbele ya watu, akayarudisha, na waliokuwa wakimtishia wakarudi nyuma. Alikuwa pia na ile dawa ya unga ya tumbo ambayo ikitiwa maji huchemka bila moto, nayo ikawa uganga mkubwa. Habari zikaenea kwamba huyu ni laibon mweupe. Msomaji aliyewahi kusoma riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani atamkumbuka yule Mzungu wa meno ya bandia. Riwaya ile ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1885, miezi michache baada ya kitabu cha Thomson.

Mtu anaweza kuucheka ujinga wa walioshangaa meno. Mimi naona pengine. Wamasai hawa ndio waliompangia Thomson alale wapi, anywe maji ya kisima gani, alipe nini na aondoke lini. Nguvu ilikuwa kwao. Meno yale yalikuwa hila ya mtu dhaifu katika nyumba ya mwenye nguvu, na Thomson alilijua hilo vizuri.

Kutoka Kaputiei wakafika Ngong, kwenye chemchemi ya mto Mbagathi, ambapo misafara yote ilipumzika na kununua chakula. Nairobi haikuwako. Palikuwa na msitu wa Wakikuyu upande mmoja na mbuga ya Wamasai upande mwingine, na msafara katikati umejizungushia boma la miiba, kila mtu akimwogopa mwenziwe na kila mtu akimhitaji mwenziwe.

Yaliyofuata yalikuwa mengi. Aliteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha, akaupanda mlima Longonot akachungulia ndani ya shimo lake. Akapita Laikipia akauona mlima Kenya. Safu ya milima ya Nyandarua akaiita Aberdare, kwa jina la mkuu wa Jumuiya iliyomtuma. Maporomoko ya Nyahururu, yenye mita zaidi ya 70, yakabeba jina lake yeye. Akafika Baringo, na mwezi Desemba akasimama ukingoni mwa Ziwa Nyanza. Akaona mapango ya mlima Elgon. Siku ya mwisho ya mwaka 1883 nyati aliyemjeruhi kwa risasi alimrusha kwa pembe, na ikabidi abebwe. Juu ya jeraha hilo likaja tumbo la kuhara damu, akalala wiki nyingi karibu na kufa. Mwezi Mei 1884, akipitia Ukambani, aliifikia pwani akiwa mifupa mitupu. Wapagazi wake ndio waliomfikisha.

RAMANI

Mwaka 1885 kitabu chake kilitoka London, na Jumuiya ya Jiografia ikampa nishani ya dhahabu. Ulaya nzima ilimsifu kijana aliyevuka Umasai bila kumwua Mmasai hata mmoja. Sifa hiyo ni ya haki, nami siipunguzi. Lakini pamoja na kitabu ilikuwako ramani, na ramani ina tabia yake. Mwenye kuichora huweza kuwa mpole, ila haiwezi kumchagulia mtu wa kuisoma.

Mwaka huo huo Askofu James Hannington aliifuata njia ya Thomson, akauawa Busoga mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliokaa Ulaya walipiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Nyanza, ukaukunja kidogo mlima Kilimanjaro na kuikata nchi ya Wamasai vipande viwili. Mstari huo ndio mpaka unaoukuta Namanga hadi leo. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikapewa hati ya kifalme.

Thomson mwenyewe naye alibadilika, au tuseme wakati ulimbadilisha. Mwaka 1885 alitumwa na kampuni ya biashara hadi Sokoto na Gwandu, akarudi na mikataba iliyotiwa sahihi. Mwaka 1888 alikwenda Moroko kupanda milima ya Atlas, na hiyo ilikuwa safari ya elimu. Lakini mwaka 1890 alikuwa mtumishi wa kampuni ya Cecil Rhodes, akielekea Katanga kutafuta mkataba mwingine na machimbo ya shaba. Ndui ikaingia katika msafara, njia ikafungwa, naye akarudi mgonjwa asipate kupona tena. Msafiri aliyeanza kwa kuomba ruhusa alimaliza kwa kukusanya sahihi. Ndiyo kazi iliyokuwako kwa watu wa namna yake, na hakuikataa.

Joseph Thomson alikufa London tarehe 2 Agosti 1895 kwa maradhi ya mapafu, umri wake miaka 37, akazikwa karibu na kwao. Wiki chache tu kabla ya kufa kwake, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake juu ya nchi aliyoipita. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa Mombasa. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Nyanza. Mwendo uliomchukua mwaka mzima na karibu umpotezee roho, sasa mtu aliweza kuufanya amekaa kwenye kiti.

Na Wamasai je? Tauni ya ng'ombe iliwapiga karibu na mwaka 1890, ndui ikafuata, njaa ikafuata, na laibon mkuu Mbatian akafariki wakati huo huo. Mkataba wa 1904 ukawaondoa Bonde la Ufa, Naivasha ile aliyoisifu Thomson. Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Wakasukumwa kusini kwenye ardhi ambayo Kajiado ni sehemu yake. Watoto wa wale waliompangia Mskoti mahali pa kulala, wakapangiwa wao mahali pa kuishi.

Sisemi kwamba Thomson aliyataka hayo. Hakuwa mtu wa kuyataka. Aliwapenda wapagazi wake, aliwavumilia Wamasai, na aliandika juu yao kwa mapenzi kuliko wengi wa wakati wake, ijapokuwa hakuepukana na kiburi cha Mzungu wa zama zile. Ninalosema ni kwamba upole wa mgeni haumalizii kazi pale anapoaga. Mgeni huondoka na kitu, iwe ni ramani, iwe ni picha, iwe ni habari ya kuwasimulia wenziwe, na kitu hicho hurudi siku moja kwa mwenyeji, pengine katika mkono wa mtu mwingine.

Nayo haya si ya Wazungu peke yao. Baada ya uhuru ardhi ya Kaputiei iligawanywa katika ranchi za jumuiya, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikakatwa vipande vya mtu mmoja mmoja. Kitengela ikawa karibu na Nairobi, viwanda vikaja, watu wakatoka kila pembe ya Kenya kununua viwanja, wakiwamo watu wa pwani. Kila kiwanja na seng'enge yake. Waya ule ule ambao babu zetu waliubeba vichwani kutoka Mombasa kuwa heshima ya kuombea njia, leo ndio unaoifunga njia. Nyumbu waliokuwa wakitoka mbuga ya taifa ya Nairobi kwenda Kitengela na kurudi, wamepungua vibaya. Swala tomi naye huzunguka akitafuta pa kutokea.

Hata hivyo si kila mlango umefungwa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa ekari, ili wasiweke ua na wanyama wapite. Hapo hongo imerudi kwa jina jingine, na wala si jambo la aibu. Mpitaji anamlipa mwenye nchi, mwenye nchi anaacha njia wazi. Wamasai wa 1883 wangelielewa mara moja.

Basi, ndugu msomaji, likizo ikija na ukapata nafasi ya kutembea, iwe ni mgeni kwenda pwani kwetu au mtu wa pwani kwenda bara, pita Kajiado. Simama Isinya umtazame swala yule mdogo. Mkumbuke Thomson kwa jina lake, nao waliomfikisha uwakumbuke pia: Chuma, Manwa Sera, Makatubu, Brahim, Jumbe Kimameta na wapagazi ambao majina yao hayakupewa mlima wala maporomoko. Kisha muulize mwenyeji kama unaweza kupita, na ukiondoka, litazame vizuri lile unalolichukua.